Manyoya ya Kuku wa Posa

Jumatatu, 3 Juni 2013

Mimi ni mke wa mtu! Niliiandika sentensi hii peke yake kwenye ukurasa wa kwanza, kisha nikauchana, maana Parfait akiikuta atanicheka wiki nzima. Lakini ni kweli. Tangu juzi, mbele ya mchungaji na bamama wote wa kwaya, mimi Yvette ni mke wa Parfait, fundi redio wa hapa kambi ya Nakivale, Uganda, mwenye sauti inayopanda hadi kwenye mabati ya kanisa na kukaa huko bila kutetemeka. Niliipenda sauti kabla ya kumwona mwenyewe. Nilikuwa bombani karibu na kanisa, nikasikia mtu ameushika mwisho wa wimbo na hauachi, hauachi, hauachi. Ndoo yangu ikajaa, ikamwagika, viatu vikalowa. Goretti, ambaye sasa ni jirani yangu, alikuwa nyuma yangu kwenye foleni.

"We musichana, unamwanga maji ya watu!"

Mimi nikamuuliza, "Yule anayeimba ni nani?"

Nyumba yetu ni ya udongo, paa nusu mabati, nusu turubai, na ninaiona nzuri kuliko zote za kambi hii. Kitandani kuna mto wangu. Kwetu, tangu kwa bibi zangu kule Uvira, Kongo, kuku wa posa hawaliwi tu wakasahaulika. Mama wa msichana huweka manyoya laini ya kifuani, huyafua, huyaanika, na msichana huyashona kuwa mto wa kwanza wa ndoa. Hata hapa ukimbizini mama hakukubali tuache. Foronya nimeidarizi kwa uzi mwekundu: PUMZIKA HAPA, SHERI, yaani mpenzi. Parfait alipoisoma macho yakajaa machozi. Kisha akapiga chafya, tukacheka wote wawili.

Jumatano, 5 Juni

Amekula sombe, majani yangu ya muhogo, akafuta sahani kwa kidole. Nimepika mimi!

Ijumaa, 7 Juni

Leo ameniruhusu nimpake mafuta. Kabla ya posa aliwahi kuniambia, "Ujue, mimi niko na ngozi ya mamba," nami nikadhani ni utani wa wanaume. Kumbe ndiyo sababu ya mashati yake ya mikono mirefu hata jua likiwaka. Kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti ngozi yake ni nene, kavu, imepasuka mistari midogo. Ni ukurutu, amezaliwa nao, hauambukizi. Alikuwa akinitazama usoni aone kama nitapepesa jicho. Sikupepesa. Nilipaka polepole, kiwiko cha kulia, cha kushoto, nikambusu pale palipo pabaya zaidi. Mamba wangu!

Jumapili, 9 Juni

Habari kubwa. Léopold, kiongozi wa kwaya, ametangaza kwamba tarehe 15 Septemba kwaya itaimba mjini Mbarara kwenye mkutano wa makanisa. Parfait ataongoza, na ule mwisho mrefu wa wimbo ataushika peke yake. Njiani kurudi nyumbani alikuwa akitembea kama mtu aliyebeba mayai. Kisha akasema, "Yvette, hapa mimi niko mukimbizi mwenye namba. Nikiimba, niko Parfait." Nimeandika maneno yake kama yalivyo ili nisiyasahau.

Jumanne, 18 Juni

Mama mkwe alikuja. Mama Marthe ni mwanamke mrefu asiyepoteza maneno. Alikagua sufuria, alikagua mtungi, kisha akaingia chumbani (chumbani kwetu!) akaubonyeza mto.

"Huu muto mulitia nini ndani?"

"Manyoya, mama. Ya kuku wa posa."

"Hum." Akamtazama Parfait. Parfait akamtazama kwa jicho la kumkataza, sijui kumkataza nini. "Iko muzuri," akasema mama mkwe. "Iko muzuri sana ya kuangalia."

Ya kuangalia! Sikuipenda sauti yake.

Jumapili, 23 Juni

Mazoezini leo Parfait alianza kuushika mwisho wa wimbo, ukakatika njiani kama uzi. Akaanza tena, ukakatika tena, akakohoa. Bamama wa sauti ya kwanza hawakumwachia.

"Parfait, pumzi yako uliiacha fasi gani?"

"Aliiacha kwenye kitanda! Muulizeni Yvette!"

"Bibi mupya anaimaliza yote, hatuachii hata kidogo ya Bwana!"

Hata Léopold alicheka huku anasema, "Bon, bon, muheshimu kanisa." Nilifunika uso kwa kitenge. Niseme ukweli? Nilijisikia fahari kidogo.

Jumamosi, 29 Juni

Vumbi. Magari yakipita kuelekea Rwekubo, kijiji kizima kinakuwa na rangi ya unga wa mtama. Parfait anafikicha macho hadi yanakuwa mekundu. Anapiga chafya asubuhi akiamka, moja baada ya nyingine, hadi Goretti anajibu kutoka kwake, "Amina!"

Jumapili, 7 Julai

Mwisho wa wimbo umekatika tena. Safari hii bamama hawakutania sana, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Alhamisi, 11 Julai

Nimeamka nimemkuta sebuleni kwenye mkeka, kichwa juu ya mkono wake. Anasema chumbani kuna joto. Joto gani? Julai hii asubuhi tunavaa sweta.

Jumanne, 16 Julai

Mkeka tena. Shuka lina madoa madogo ya damu alipojikuna. Hasemi, hacheki, redio za watu zinalala mezani hazijafunguliwa. Nilimuuliza kama amenichoka. Akanishika uso kwa mikono miwili: "Wewe? Hapana, sheri. Wewe hapana." Basi ni nini? Ndoa yangu haijamaliza hata miezi miwili, na mume wangu anauchagua mkeka.

Halafu leo mama mkwe kaleta mto wake mwenyewe! Kaushona kwa vipande vya vitenge vikuukuu, mgumu kama kiazi. Kauweka kitandani bila kuniomba ruhusa. "Parfait alizoea hii." Nilisema asante, akaondoka, nikauweka chini ya meza. Kama hapendi kazi ya mikono yangu, si angesema?

Lakini baadaye nilijiuliza: labda wangu umelala? Nimeushika, kweli, umekuwa bapa. Masikini Parfait anaumia shingo na ananionea huruma kusema. Nimepata dawa! Nitaujaza.

Jumatano, 24 Julai

Ni usiku ndipo nimeshika kalamu. Nitaandika yote, kwa mpangilio, kama mwalimu wa insha alivyotufundisha.

Jana nilinunua majogoo wawili kwa Goretti, tukawachinja. Leo baada ya chakula cha mchana nikakaa chumbani na manyoya yao. Nilikuwa nimeyafua asubuhi lakini hayakukauka vizuri. Nikaufumua mto, nikajaza, nikaupiga kwa ngumi ili ujae kila pembe. Yale makavu ya zamani yalipaa hadi darini. Dirisha nilikuwa nimelifunga upepo usiyachukue. Nilikuwa naimba. Mungu wangu, nilikuwa naimba wimbo wake.

Parfait akaingia. Nikamwambia, "Fumba macho!" nikauinua mto nikamsukumia usoni, kwa utani, kwa mapenzi, "Pumzika hapa, sheri!"

Alipiga chafya. Kisha akakohoa. Kisha akakaa chini ukutani na kifua chake kikaanza kulia filimbi, filimbi nyembamba kama ya mtoto anayecheza mbali. Nilidhani ananitania. Mabega yakawa yanapanda na kushuka. Alitaka kusema kitu, likatoka neno moja, "Nje." Midomo yake ilikuwa inageuka rangi.

Nilimvuta chini ya makwapa hadi uani. Nikapiga kelele. Goretti alikuja mbio na mwiko mkononi, akamwona, akautupa.

"Usimulalishe! Muketishe! Boda! Nani ako na boda?"

Kijana mmoja wa bodaboda wa duka la jirani alikuja. Tulimweka Parfait katikati, mimi nyuma nimemshika kiuno, na nilisikia kila pumzi yake mgongoni kwa sikio langu. Ilikuwa kama kusikiliza mtu anayevuta gunia zito kwenye changarawe. Nilisema yote ninayoyajua ya kusali. Nilisema pia kwamba nisipokuwa naye sitaki sauti yoyote ya mtu yeyote.

Kwenye kituo cha afya cha hapa kambini walimpokea haraka. Wakamfunga kibarakoa chenye mvuke wa dawa. Mashine ikaunguruma. Polepole sana, yale mabega yakaanza kushuka. Midomo ikarudi. Nilikaa chini sakafuni, nikagundua nimevaa kandambili moja.

Mama mkwe akafika kwa miguu, vumbi hadi magotini. Alinitazama, manyoya kwenye nywele zangu, manyoya kwenye blauzi. Nikasubiri anitukane.

"Ni pumu," akasema. "Iko nayo toka mutoto. Ilikwenda, tulizani ilikwisha. Na manyoya, mwana wangu. Manyoya! Kule Uvira kuku ikilala ndani ya nyumba, yeye tulimulalisha kwa jirani."

Nyuma ya kile kibarakoa Parfait alikuwa anatikisa kichwa kwa nguvu, anampungia mama yake mkono: nyamaza, nyamaza.

"Sinyamazi tena!" mama akamgeukia. "Ulinikataza nisimwambie. 'Mama, alishona na mikono yake, mama, usimuumize roho.' Sasa ona! Ungekufa na mapendo yako kwenye pua!"

Muuguzi alicheka. Mimi nililia. Mama mkwe akakaa sakafuni karibu nami, akaanza kunitoa manyoya kichwani, moja moja.

Ijumaa, 26 Julai

Amerudi nyumbani. Nimefagia, nimedeki, nimefua kila kitu kinachofulika. Kisha nikagombana naye. Ndiyo! Mgonjwa wangu, kipenzi changu, nimegombana naye hadi Goretti akapandisha redio yake.

"Ulilala juu yake wiki zote hizo na unajua!"

"Sikuwa na hakika. Nilizania tu."

"Ulizania ukanyamaza!"

"Ulidarizi na uzi mwekundu, Yvette. Ningesema nini? Kwamba mapendo yako inaniwasha?"

Nilitaka kukasirika zaidi, nikashindwa. Tumekubaliana sheria moja ya nyumba hii: kinachouma kinasemwa. Hata kikiwa kidogo. Hata kikiwa kimedariziwa.

Jumanne, 6 Agosti

Mbarara. Kituo cha afya kilitutuma hospitali ya misheni kule Ruharo kwa sababu ya macho yake, na daktari wa macho tuliyempata alikuwa mama Mganda mwenye miwani iliyofungwa kamba, ambaye kwa Kiswahili chake 'una', 'ana' na 'ina' zote ni 'na'. Alimtazama macho kwa taa yake muda mrefu. Kisha akazima taa, akamkunja Parfait mkono wa shati bila kumwomba ruhusa.

"Ssebo, bwana, hii ngozi nasumbua wewe tangu lini?"

"Tangu mutoto, docteur."

"Pua je? Asubuhi napiga chafya?"

Mimi ndiye nilijibu: "Jirani anasema Amina."

Akacheka. "Na kifua? Nalia filimbi?" Tukamweleza ya wiki mbili zilizopita. "Usiku nalala?" Hapana, kuwashwa. "Na hapa?" Akagusa kifua chake mwenyewe, upande wa moyo. "Roho iko nzito?"

Niligeuka kumtazama Parfait. Mtu wangu mwenye utani kwa kila kitu alikuwa anaangalia sakafu. Akasema taratibu, kwa Kiswahili cha kwetu, kwamba ndiyo, tangu sauti ilipoanza kukatika anaamka hana hamu ya kitu. Kwamba anaogopa sauti ikienda, atabaki ngozi tu, na nani atapenda ngozi hiyo. Nilimshika mkono mbele ya daktari.

Daktari akatueleza, kwa Kiswahili chake na kwa Kiingereza changu cha shule. Ukurutu wa namna hii kwa mtu mzima mara nyingi hauji peke yake. Ngozi, pua, macho na kifua ni watoto wa mama mmoja: mwili unaochukia vumbi na manyoya kana kwamba ni adui. Si kila mwenye ngozi hiyo anapata pumu, akasema, na si manyoya tu, hata moshi wa jikoni na vumbi la kiangazi vinachangia. Ngozi iliyopasuka huingiza vijidudu kirahisi, ndiyo maana asijikune hadi damu. Macho asiyafikiche, yanaweza kuharibika. Na kukosa usingizi na roho kuwa nzito navyo huonekana sana kwa watu wenye ngozi hiyo. "Hiyo nayo ni ugonjwa. Si aibu. Nakuja nasema, nasaidiwa."

Alitupatia matone ya macho, akatuandikia twende kwa daktari wa kifua na wa ngozi siku hiyohiyo. Tumerudi na dawa za kuvuta mbili, moja ya kila siku hata akijisikia mzima, nyingine ya wakati wa kubanwa, na marhamu ya kupaka kabla ya mafuta. Nilimuuliza yule wa kifua swali moja tu: ataimba? Akasema, "Akivuta dawa yake kila siku, kwa nini asiimbe?" Ningeweza kumkumbatia mzee wa watu.

Jumatano, 7 Agosti

Nimeyazika manyoya nyuma ya nyumba. Foronya Parfait kakataa kabisa niitupe. Nimetoa mto wa mama mkwe chini ya meza, nikauvika foronya yangu. Umeingia sawasawa, kama alipima.

Jumatatu, 19 Agosti

Analala! Analala kitandani, mdomo wazi, mbaya na mzuri. Kuku wana kibanda chao, jiko limehamia uani, na kila wiki mto na shuka vinafuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa. Mama mkwe alikuja akaubonyeza mto, akasoma uzi mwekundu juu ya vitenge vyake.

"Sasa iko muzuri," akasema.

"Ya kuangalia?"

Akanipiga begani. Ndiyo mara ya kwanza namsikia akicheka. Ana kicheko cha Parfait, au Parfait ana chake.

Jumapili, 25 Agosti

Habari mbaya. Léopold alikuwa amempa kijana wa sauti ya pili, Junior, nafasi ya Parfait. Hakuwa na ubaya, alidhani atakuwa bado mgonjwa. Parfait alikunja karatasi yake ya maneno, akaiweka mfukoni, akakaa nyuma. Nilimtazama hadi akanitazama. Nikamwonyesha kwa midomo: sema.

Akasimama. "Kaka Léopold, inaniuma. Nipime kwanza."

Akatoa dawa yake ya kuvuta mbele ya bamama wote, akavuta bila kujificha, akasubiri. Kisha akaimba. Mwisho ule aliushika, akafika karibu na ukingo, akaishiwa.

"Karibu," Léopold akasema. "Bado wiki tatu. Junior, usisahau maneno. Parfait, njoo kila jioni."

Jumapili, 8 Septemba

Tutajua wiki ijayo kama ataimba yeye au Junior. Anafanya mazoezi kwenye redio mbovu, anaiambia iimbe naye. Roho yake imerudi. Siku mbili hakuvuta dawa ya kila siku, akijiona mzima. Nilimgombeza hadi akaomba poo.

Jumapili, 15 Septemba

Mbarara tena. Kanisa kubwa, watu hadi mlangoni, wakimbizi na wenyeji wamechanganyika. Léopold alikuja kwetu kabla ya kuingia, jasho linamtoka.

"Parfait, wewe ndiye. Lakini sikia. Pale katikati ya ule mwisho, kwaya nzima itaingia chini yako, polepole. Wewe vuta pumzi. Hakuna atakayesikia. Ukimaliza kuvuta, panda tena, sisi tunashuka."

Mmoja wa bamama akadakia, "Sisi tutakubebea, lakini bibi yako asituibie pumzi tena!"

Akaimba. Nimeketi safu ya tatu kando ya mama mkwe, nimeushika mkono wake au yeye kaushika wangu. Sauti ilipanda, ikakaa darini. Katikati, ule mvumo wa kwaya ukaingia chini yake kama mkono chini ya kichwa cha mtoto, na mimi peke yangu, katika umati wote ule, niliona kifua chake kikijaa. Kisha akapanda tena. Mama mkwe akasema kwa sauti, katikati ya kanisa, "Pumua, mwana wangu!" Naye alikuwa anapumua. Alikuwa anapumua vizuri kabisa.

Jumamosi, 21 Septemba

Mvua ya kwanza! Ilitukuta tumeanika mto, Goretti akapiga kelele, tukakimbia, tumechelewa. Umelowa hadi ndani, PUMZIKA HAPA inachuruzika maji juu ya kamba.

Harufu ya ardhi imejaa nyumbani, vumbi limelala. Mchana huu hapakuwa na kazi ya kufanya, tukajilaza tusikilize turubai. Parfait hana mto, kalala juu ya mkono wangu wa kushoto. Pumzi yake haina filimbi hata moja, nimesikiliza. Alisinzia. Mkono ukaanza kuwasha, kisha ukafa ganzi hadi begani. Nikakaa kimya, maana amekosa usingizi miezi yote ile, na ni mzuri hivyo akilala.

Bila kufungua macho akasema, "Sema."

"Kusema nini?"

"Yvette. Sheria ya nyumba."

"Mkono umekufa ganzi."

"Tangu saa gani?"

"Tangu zamani!"

Akacheka hadi kitanda kikalia, akainuka, akanivuta nikaweka kichwa changu mimi juu ya mkono wake, kwenye kile kiwiko chake cha mamba. Kinakwaruza shavu kidogo. Nimemwambia. Akasema basi nikipake mafuta, nami nimeiacha kalamu hapa niende nikayalete.